Mstari wa Koti

Santiago, 12 Machi 1995

Mdogo wangu Ivonne,

Pokea salamu za kaka yako asiye na haya, aliyekaa tangu Krismasi bila kukuandikia. Mimi mzima, ila sauti inakwaruza kwa sigara, na joto la mwaka huu limetukausha kama samaki. Mama magoti yake yanasemaje? Shemeji Osvaldo bado anashinda na msumeno kwenye misonobari? Na huyo Tamara wenu ambaye sijamtia machoni, ameshaota meno? Mwambie mjomba wake ni mtu maarufu sana na mvivu sana wa kupanda basi.

Sasa jambo lenyewe. Kampuni ya santuri inataka kutoa sidii ya "Njia ni Baridi". Sidii nzima, wimbo mmoja! Cheka tu, hata mimi nilicheka. Wanataka watu wausikie ulivyokua. Ule wa bendi wa mwaka '88, wenye gitaa la umeme linalolia mwishoni. Halafu ule wa yule dada wa Mexico, na fidla zake nyingi, aliyeugeuza ukawa wa mwanamke aliyeachwa na bwana. Halafu wa uwanjani, ambao mimi siimbi hata kidogo, wanaimba watu na viberiti vyao juu. Mwisho tuupige upya, gitaa kavu, bila umeme.

Lakini wa kwanza kabisa wanaoutaka ni wa jikoni. Ule nilioupiga hapo kwenu Juni ya '86, kwenye redio kaseti ya Mama, wakati huo bado wimbo wa kumbembeleza yule msichana wa duka la dawa, hata maneno haya ya sasa haujayapata. Kanda unayo wewe. Nimewaambia kuna mtoto anacheka katikati, wakaacha kula wote mezani. Najua hiyo ndiyo sauti ya Niba pekee iliyobaki duniani, Ivonne. Ndiyo maana naiomba. Fikiria mtu anawasha, anasikia mvua juu ya bati, gitaa, halafu mwanao anacheka.

Vitu vyote viwe kiwandani mwisho wa Julai. Mpe utingo wa basi la Chillán ailete, ananifahamu.

Kaka yako,
Dagoberto


Quirihue, 23 Aprili 1995

Kaka Dago mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta sigara umepunguza, ingawa nakujua. Yako imekaa juu ya kabati zaidi ya mwezi. Usidhani ni dharau. Tamara anaota meno ya juu, mchana kutwa nambeba, napika naye, nafua naye, na sasa hivi amelala begani kwangu, ndiyo maana mistari yangu inapanda mlima. Zabibu tumeshavuna, chache lakini tamu. Osvaldo anarudi Jumamosi ananuka utomvu wa misonobari, anakula, analala kabla sahani haijatoka mezani. Magoti ya Mama yalitabiri mvua wiki nzima na mvua haikuja. Nikamwambia, "Mama, magoti yako nayo yameanza uongo." Akanirushia kitambaa cha vyombo.

Kuhusu kanda, sitakutumia.

Nitakueleza, halafu tusirudie. Mwezi uliopita aliolewa Gladys, binti wa Shangazi Nena. Bibi harusi mwenyewe akaomba wimbo wako. Mimi nikaingia jikoni. Shangazi akanifuata huko: "Ivonne! Si wimbo wa kaka yako huo? Njoo ucheze na mumeo!"

"Shangazi, nina sahani hapa."

"Sahani zina miguu? Zitakimbia?"

Basi nikasimama mlangoni, mikono ina povu, nikawatazama wanavyokumbatiana na maneno ya mwanangu.

Dago, maneno yale mzee Don Eleuterio aliyaimba alfajiri ya mkesha wa mazishi, mwili wa Niba umekalishwa kwenye kiti chake juu ya meza nyeupe, na aliyaimba kana kwamba ni mtoto mwenyewe anatuaga. Wewe ulifika kesho yake, kaburi limeshafunikwa. Ukaenda kwa mzee akakuimbia tena, ukayatia kwenye wimbo wako wa msichana wa duka la dawa. Sikukukatalia. Niliona wewe hukupata pa kumuagia. Lakini sisi huku malaika mdogo anaagwa mara moja, kukipambazuka, anakwenda. Harudishwi mlangoni kuagwa tena. Wewe umemuaga na bendi, umemuaga Mexico, umemuaga uwanja mzima, na sasa unataka kumuaga na gitaa kavu, na yeye mwenyewe awepo anasikika. Hapana, kaka yangu.

Mama anakusalimu, anasema ule mboga.

Ivonne


Santiago, 14 Mei 1995

Mdogo wangu mkali,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mwenye meno. Mwambie Mama jana nimekula kabichi, shahidi ninaye. Huku baridi imeanza na moshi umeshika mji, milima hatuioni tena.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na siwezi kubishana na Don Eleuterio, Mungu amweke pema. Lakini naomba unisikilize kwa jambo moja tu. Kanda si jiwe. Kila unapoicheza, ile redio yako inaila kidogo. Miaka mitano ijayo utawasha na utasikia upepo tu. Hapa studio kuna fundi, Wenceslao, mtu mpole, mwenye mashine ya kuondoa ule mvumo wa kanda na kubakiza sauti safi kama mtu yuko chumbani. Ukikataa kwa ajili ya sidii, sawa. Je, kwa ajili yako mwenyewe? Unataka Niba afutike kabatini?

Halafu nimeshawaambia watu wa gazeti. Walinihoji wiki jana. Nikawaambia habari ya kicheko, na ile nyingine ninayowaambia siku zote: kwamba maneno mengine yote ni ya wazee wa kwetu, mimi nimeyapanga tu, ila mstari wa koti ni wangu. "Nivike koti lako, njia ni baridi." Ulinijia kwenye treni nilipokuwa natoka Chillán baada ya mazishi, dirisha limejaa ukungu. Ulikuja mzima, sikuutafuta. Ndio mstari pekee niliopewa bure maishani, na ndio watu wanaouandika kwenye kuta na kwenye makaburi ya watu wao. Nikifika hapo jukwaani hata sina haja ya kufumbua macho.

Fikiria tena. Kwa upendo,
Dago


Quirihue, 6 Juni 1995

Kaka,

Sote hatujambo. Mvua imekuja, kwa hiyo magoti ya Mama yamepata heshima tena na amekaanga maandazi ya boga ya kulisha kijiji. Tamara alikuwa na kikohozi siku chache, sasa amepona. Sikumtoa nje hata mara moja, nguo nilianika juu ya jiko, nyumba nzima ikawa kama bwawa.

Kanda siichezi siku hizi. Siyo kwa kuogopa kuila. Naijua yote kwa kichwa.

Usiniulize tena, Dago. Nakuomba kwa wema kabisa. Na ile habari ya treni, acha kuisimulia kwenye magazeti. Sina la kuongeza.

Osvaldo anakusalimu.

Ivonne


Quirihue, 28 Juni 1995

Dago,

Leo sina salamu ndefu, mtoto analia na nataka barua hii iwahi gari la posta.

Nimefungua kabati kutafuta soksi za Tamara, kanda haipo. Nikaenda kwa Mama.

"Mama, kanda iko wapi?"

"Kanda gani?"

"Mama!"

"Nimempelekea mwenyewe. Aliniandikia vizuri, kwa adabu. Nimeitia kwenye mfuko wa mkate na jibini, utingo kaichukua Jumatatu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungesema hapana. Yule ni mwanangu na yule mwingine ni mjukuu wangu. Kwani unadhani ni wewe peke yako uliyemzika?"

Mama hajawahi kuisikia kanda ile hata siku moja, alikuwa kwa jirani mlipoipiga, na baadaye sikumpa. Anaamini kuna kicheko, kwa kuwa wewe umemwambia kipo.

Sasa nisikilize. Sikukasirikii kwa kumzunguka Mama, hilo tutagombana siku nyingine. Nakuomba usiicheze. Mkate kula, jibini kula, kanda ifunge kwenye karatasi uirudishe kwa basi hilohilo. Nilisema sababu ni kuagwa mara moja, na ni kweli, siyo uongo. Lakini ipo na nyingine, na hiyo sitaki kuiandika. Kama lazima kampuni ipate kitu, mpe huyo fundi mpole aisikilize peke yake, achukue gitaa, sauti nyingine aziache. Wewe usikae naye chumbani.

Kama uliwahi kunisikiliza hata siku moja, basi iwe hii.

Dada yako


Quirihue, 30 Julai 1995

Kaka Dago,

Natumai uko salama. Mwezi umekwisha na sijapata neno lako. Mama anakwenda posta kila siku ya soko, anarudi anasema watu wa mjini wana shughuli. Nimeona hakulala vizuri.

Redio ilisema sidii yako imeahirishwa, haikueleza kwa nini.

Tamara amesimama mwenyewe kwa kushika benchi. Alisimama, akashangaa, akakaa.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Ivonne


Santiago, 22 Agosti 1995

Ivonne,

Mimi mzima. Samahani kwa kukaa kimya.

Barua yako ya kunikataza ilifika siku mbili baada ya kanda. Kanda tulikuwa tumeshaisikiliza pamoja, bendi yote, na mkubwa wa kampuni, na mwandishi wa gazeti niliyemwalika mwenyewe aje asikie kicheko. Wenceslao alikuwa ameshaisafisha. Kweli ilikuwa kama mtu yuko chumbani.

Nakuandikia nilichosikia, sijui kwa nini, maana wewe unakijua kwa kichwa.

Mvua. Mimi naanza kupiga. Mtoto analia, analia kweli, hakuna kicheko chochote. Nasimamisha gitaa. Nasema, "Ah, Ivonne, mtoe nje huyo, ananiharibia." Wewe unasema, "Dago, mvua hiyo." Mimi nasema, "Wimbo mmoja tu! Mvike koti langu." Mlango. Halafu naimba kuhusu msichana wa duka la dawa, tena naimba vizuri, hapo ndipo penye aibu.

Mwandishi akafunga kalamu yake. Mpiga ngoma wangu, ambaye hanyamazi hata kanisani, alikwenda kusimama dirishani.

Miaka saba naimba lile koti, Ivonne. Nimeshawaambia watu wangapi kuhusu treni? Niliapa. Niliamini. Na wewe ulikuwa unasikia kwenye redio, dukani, harusini, ukijua lilikotoka, ukanyamaza.

Nimewaambia waufute wimbo. Hautakuwa kwenye sidii wala jukwaani. Safari ya Oktoba nimeivunja.

Niambie jambo moja, na usinihurumie. Alianza kukohoa lini?

D.


Quirihue, 10 Septemba 1995

Kaka Dago, kaka yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Miti ya matunda imetoa maua upande wa jirani Don Custodio, yetu bado inajivuta. Mama nimemwambia. Nilimkalisha, nikamwambia kanda haina kicheko na nikamwambia kilichomo. Aliendelea kumenya viazi mpaka vikaisha, vingi kuliko tulivyohitaji, halafu akasema, "Maskini mwanangu." Nikadhani anasema Niba. Alikuwa anasema wewe.

Umeniuliza, nakujibu. Alikuwa anakohoa tangu Jumapili, kabla hujaja. Ndiyo maana analia pale, kifua kilimuuma. Mwezi ule nusu ya watoto wa hapa walikohoa. Je, mvua ile ilimzidishia? Sijui. Daktari hakusema na mimi sikumuuliza, maana ningeuliza ningejibiwa. Sitakuambia hapana ili ulale vizuri, na sitakuambia ndiyo, kwa kuwa hakuna anayeijua hiyo ndiyo. Tutakaa na sijui yetu, mimi na wewe. Mimi nimekaa nayo miaka tisa, na bado mkate unaumuka.

Sasa nikueleze yale ambayo kanda haina.

Hukuwadanganya watu. Alicheka. Ulipokuwa unakaza nyuzi, uliuvuta mmoja ukatoa mlio kama paka, naye akacheka mpaka akakaa chini. Kanda ilikuwa haijawashwa bado. Kichwa chako kilishika kicheko, redio ikashika kilio, na vyote ni vya siku moja.

Na nje hatukuwa mvuani. Nilisimama naye penye kuni, chini ya bati. Koti lako lilimfika miguuni na pindo likaburuzika chini. Akanyamaza mara moja. Akaingiza mikono mifukoni mwako, mkono mzima mpaka begani, akatoa kiberiti, akatoa tiketi, akatafuta pipi, maana ulikuwa na desturi ya kumletea. Hakupata. Akatafuta tena. Tulikusikia ukiimba ndani, na nilimwambia, "Msikilize mjomba." Ndivyo ilivyokuwa. Hakuteseka pale nje, Dago. Alikuwa na kazi.

Huku mama wa malaika haruhusiwi kulia mkeshani, machozi yanalowesha mbawa za mtoto, hawezi kuruka. Mimi nilitii, usiku kucha, wanawake walinishika mikono wakanisifu. Nililia baadaye na ile kanda. Nilikuwa nawasha, nasikia kilio chake, na ukifika pale unaposema koti, nazima. Ndiyo sababu sikutaka uisikie. Wewe ni mtu wa maneno, nilijua utalipata neno la kujichoma nalo. Na pia, nikuambie ukweli, nilitaka kiwe changu. Nchi nzima imechukua maneno ya kumuaga. Nilitaka kilio kibaki kwangu.

Kuhusu wimbo. Umesema umeufuta. Hukuniuliza. Siku zote unanizunguka, unapotaka kitu na unapotaka kujiadhibu. Sasa mimi nasema hivi. Rekodi tatu ziende kwenye sidii kama mlivyopanga, na hiyo mpya muipige. Watu wanaoucheza hawana kosa, hata Gladys, ambaye ana mimba sasa na anaimba akifagia. Na wanaouandika makaburini wasiambiwe kesho kwamba maneno yao yamefutwa kwa sababu mwimbaji ana huzuni. Ukiunyamazisha, kila mtu atakayeuliza kwa nini ataletwa kwenye mlango wangu. Sitaki. Ila mambo mawili hutafanya. Kanda ya jikoni haitatoka, hata gitaa lake tupu. Na habari ya treni imekwisha. Wakikuuliza mstari ulitoka wapi, sema ulimwambia mtoto siku ya mvua. Jina usitaje. Hiyo inatosha, na ni kweli.

Mwandishi yule mwombe kwa adabu anyamaze. Akikataa, mpe anwani yangu, nitazungumza naye mimi.

Kimebaki kimoja. Umesema fundi wako ameisafisha, mtu anasikika kama yuko chumbani. Tangu nimesoma hapo sijatulia. Nikimnyonyesha Tamara nafikiria hilo, nikiweka kuni nafikiria hilo. Nataka kumsikia hivyo. Naogopa kumsikia peke yangu, Osvaldo hakuwepo siku ile na Mama hakuwepo. Siku ile jikoni tulikuwa mimi, wewe na Niba.

Basi njoo. Sikukuu ya taifa bendi zote ziko kazini, sikuombi uiache kazi, njoo ikipita. Panda treni au basi, vyovyote, ila ushuke Chillán kabla ya jioni upate gari la kuja huku. Ukichelewa, Osvaldo atakufuata na lori la magogo. Utalala karibu na jiko. Mama ameanza kukausha godoro na bado sijamwambia kama unakuja. Tamara atakuogopa siku ya kwanza, ya pili atakukalia.

Kanda usimpe utingo tena. Njiani usiitie kwenye mzigo, na usiiweke juu penye mabegi. Ipakate.

Dada yako,
Ivonne